Kekeo, fumbwe au mlembe: uanze kumfuatilia ndege mdoezi yupi?

Kila mvua zinapokaribia napata swali lilelile kutoka kwa walimu wa klabu za mazingira na vijana walionunua darubini yao ya kwanza: nataka kuwaona wale ndege wanaotaga kwenye viota vya wenzao, nianze na yupi? Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja kwa simu. Jibu langu la miaka mitano iliyopita silo la leo, kwa sababu hapo katikati nimepoteza asubuhi nyingi nikimfuata ndege asiyenifaa. Bora niyaweke yote mahali pamoja.

Ndege wa namna hii ni takriban spishi 100 duniani kote, kama asilimia 1 ya ndege wote. Hawajengi, hawaatamii, hawalishi. Jike hutafuta kiota cha ndege wa jamii nyingine, hutaga humo na kuondoka, na kazi yote iliyobaki humwangukia mwenye kiota. Mimi huwaita wadoezi, maana wanachokifanya ni kudoea malezi, na yule anayebebeshwa mzigo nitamwita mlezi. Sisi wa Afrika Mashariki tumejaliwa koo tatu za wadoezi kwa mpigo: kekeo, fumbwe na milembe. Usimwingize dudumizi humo. Ni wa ukoo wa kekeo kweli, na wengi wakimsikia husema mvua inakuja, lakini hujenga kiota chake na kulea watoto wake mwenyewe.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumchagua mdoezi kwa uzuri wake. Nilimtaka yule mwenye mkia, halafu yule wa asali. Kumbe mdoezi hufanya kazi yake kwa sekunde chache, na saa zako zote nyingine unazipitisha ukimtazama mlezi. Kwa hiyo chagua mlezi kwanza. Angalia ni nani anajenga karibu na kwenu, na kama kiota chake kinaonekana bila wewe kukisogelea. Jibu la swali hilo huamua karibu kila kitu.

Kekeo wa minana

Jina lake la kitaalamu ni Chrysococcyx caprius. Dume ana mgongo wa kijani kinachometameta kama shaba iliyosuguliwa, tumbo jeupe, michirizi ubavuni na jicho jekundu. Jike amefifia zaidi na ana hudhurungi. Utamsikia dume kabla ya kumwona: dii-dii-dii-didirik, sauti ya kulalamika inayopanda na kushuka, kuanzia alfajiri mvua zinapoanza. Hutagia zaidi minana, na pia kweche na shomoro.

Huyu ndiye ninayempendekeza kwa watu wengi, na sababu ni minana. Hakuna mlezi aliye rahisi kumpata kama wao. Wanapenda kuishi karibu na watu, viota vyao vinaning'inia hadharani kwa makumi, na kelele zao utazisikia ukiwa barabarani. Ninaotazama mimi wako kwenye mnazi nyuma ya gereji ya pikipiki, Morogoro. Makuti yameshachanwachanwa kwa ajili ya kusukia viota hadi yamebaki mishipa mitupu, na mafundi pale chini wamezoea kupangusa vinyesi kwenye viti vya pikipiki. Unakaa kwenye benchi, hakuna anayekimbia, hakuna kiota unachokigusa.

Nilichokiona asubuhi moja nitakieleza kama kilivyokuwa. Madume ya minana yalikuwa yakining'inia kichwa chini kwenye viota vyao vipya na kupiga mabawa yakiwaita majike. Ndani ya kuti kavu, kwenye kivuli, kulikuwa na ndege ambaye hakujitikisa kwa muda wa karibu nusu saa. Dume la kekeo lilikuwa likiita kutoka mwembe wa jirani, na minana wawili watatu walilirukia na kulifukuza. Palepale yule wa kwenye kivuli alishuka, akaingia kiota kimoja kwa chini, akatoka. Sikuwahi hata kuhesabu hadi kumi. Sijui kama alifanikiwa kutaga. Mlango wa kiota cha mnana unatazama chini na ndani huoni kitu. Lakini wiki kadhaa baadaye, kwenye kichaka cha mlantana pembeni ya ukuta, nilimwona mnana jike akimlisha mtoto mwenye mdomo mwekundu kama tumbawe. Kinda wa mnana hana mdomo wa rangi hiyo. Mtoto alikuwa ameshamzidi mlezi wake kimo kidogo, anatetemesha mabawa, na yule mama anakwenda na kurudi bila kupumzika. Nilisimama pale hadi jua likaniunguza shingo.

Kinachotokea ndani ya kiota si kizuri kukisikia. Yai la kekeo huanguliwa mapema, siku 10 hadi 12, na kinda angali kipofu husukuma nje mayai au makinda ya mwenye nyumba. Anabaki peke yake, na chakula chote ni chake.

Minana nao hawajakaa kuonewa. Jike wa mnana wa vijijini, Ploceus cucullatus, hutaga mayai ya sura moja maisha yake yote, lakini jirani yake kwenye mti huohuo hutaga ya sura nyingine: meupe, ya samawati, ya kijani, yenye madoa au yasiyo na doa. Ni kama sahihi ya mtu kwenye hundi. Likiingia yai lisilofanana na yake, hulitoa. Uthibitisho wenye nguvu zaidi wa jambo hili ninaoujua ulitoka mbali na hapa. Minana hawa walipelekwa na watu kisiwa cha Hispaniola, katika Karibi, zaidi ya miaka 200 iliyopita, na Mauritius zaidi ya miaka 100 iliyopita. Huko hakuna kekeo huyu. Mtafiti David Lahti alipoyapima mayai yao na kuchapisha matokeo mwaka 2005, alikuta sahihi zimeanza kufutika: tofauti kati ya jike na jike imepungua, na mayai ya jike mmoja hayafanani tena kama yanavyofanana Afrika. Alipoondoka mwizi, kufuli limeshika kutu.

Jambo hilo unaweza kulifanyia somo bila kupanda mti. Chini ya mti wa minana huanguka maganda na viota vizima, kwa sababu dume hubomoa kiota ambacho majike wamekikataa. Waambie wanafunzi wapige picha kila ganda wanaloliokota, na rula kando yake. Baada ya mwezi mtakuwa na ubao mzima wa sahihi.

Udhaifu wake ni mmoja: ni wa msimu. Mvua ikikata, kekeo hunyamaza na unabaki na minana watupu.

Fumbwe

Hapa mambo yamegeuzwa juu chini. Kwa kekeo, mlezi yuko wazi na mdoezi amejificha. Kwa fumbwe, mdoezi ndiye anayejionyesha, na mlezi ndiye humwoni.

Ninayemzungumzia ni Vidua macroura, yule dume mweusi kwa mweupe mwenye mdomo mwekundu na mkia wa sentimita 20 hivi juu ya mwili usiozidi sentimita 13. Nenda kwenye mashine ya kusaga nafaka yoyote yenye uwanja wa nyasi, utamkuta kwenye waya, anafukuza kila ndege anayeshuka kuokota chembe, hata njiwa. Jike akitua, dume huning'inia hewani juu yake na kudundadunda, mkia ukipepea kama utepe. Watoto wadogo wanampenda papo hapo. Ukitaka kumpata mtu ambaye hajawahi kutazama ndege maishani, mwonyeshe huyu.

Mlezi wake mkuu ni mshigi, Estrilda astrild, ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu na mstari mwekundu jichoni. Kiota cha mshigi kiko chini kabisa kwenye nyasi, duara lenye shingo ndefu ya kuingilia, na mara nyingi juu yake kuna kiota kingine cha uongo. Zaidi ya hapo, washigi huweka vinyesi vya wanyama wala nyama ndani na kuzunguka kiota, na imeonekana kwamba viota vyenye vinyesi hivyo huvamiwa mara chache zaidi. Ndege anayejihangaisha hivyo kukificha kiota chake hastahili tumpitie na buti. Kila unapokanyaga nyasi kumfikia, unamwachia nguchiro na mbwa njia iliyolimwa. Nimeshafanya kosa hilo mara moja, kiota kilikuwa tupu siku ya pili, na sirudii.

Kwa hiyo ukimchagua fumbwe, kubali kwamba sehemu ya ajabu kuliko zote hutaiona kwa macho yako. Sehemu hiyo imo mdomoni. Makinda wa mshigi wana alama maalumu ndani ya kinywa, madoa na kingo nyeupe, ambazo mama huziona gizani anapoleta chakula. Kinda wa fumbwe amezaliwa na alama karibu zilezile. Utafiti uliofanywa Zambia na Gabriel Jamie na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba makinda wa jamii ya fumbwe huiga hata sauti ya kuomba na jinsi ya kutikisa kichwa, kila spishi kwa mlezi wake. Na hawamsukumi mtu nje. Kinda wa fumbwe hulelewa pamoja na ndugu zake wa kiota, na wote wanaweza kukua. Kwa darasa la watoto wa miaka minane, hiyo ni hadithi nyepesi kubeba kuliko ya kekeo, na sioni aibu kuizingatia.

Kuna fumbwe mwingine ambaye watu humpita kila siku bila kumjua, na kwangu ndiye bora kuliko yule mwenye mkia: Vidua chalybeata, mdogo, dume lake jeusi tii lenye mng'ao wa buluu, miguu mekundu, bila mkia wa kujivunia. Mlezi wake ni Lagonosticta senegala, ndege mwekundu mdogo anayeokota makombo uani, ambaye hujenga kwenye makuti ya paa na mianya ya kuta za nyumba zetu. Dume la fumbwe huyu hujifunza akiwa kiotani nyimbo za baba mlezi, akikua huziimba, na jike aliyelelewa na ndege wa aina hiyohiyo humchagua kwa nyimbo hizo kisha hutagia kwa walezi haohao. Robert Payne na wenzake waliwahi kuwalea fumbwe hawa chini ya walezi wa aina nyingine kabisa, ndege wa kufugwa kutoka Asia. Majike walipokua waliwafuata madume walioimba nyimbo za walezi hao wapya na kutaga kwenye viota vyao. Maana yake kwako ni kwamba unaweza kumtambua mlezi kwa masikio tu. Simu yenye kinasa sauti inatosha. Rekodi ndege mwekundu wa uani leo, rekodi dume jeusi la kwenye waya kesho, sikiliza zote mbili pamoja.

Mlembe

Najua wengi mnamtaka huyu, na nitakuwa mkweli: ni ndege wa ajabu kuliko wote niliowataja, na ndiye mbaya kuliko wote kwa mtu anayetaka kuuona udoezi.

Mlembe, Indicator indicator, ni ndege wa kijivu na hudhurungi, hana cha kumvutia macho. Lakini anakujia mwenyewe. Anatua karibu, anatoa sauti kama kiberiti kinachotikiswa, anaruka mbele, anakusubiri, hadi kwenye mzinga wa nyuki porini. Anachotaka ni nta na viluwiluwi vya nyuki. Asali ni yako. Wakati Hussein Isack alipotembea na Waborana wa kaskazini mwa Kenya, utafiti aliochapisha na mwenzake mwaka 1989 ulionyesha kwamba katika eneo wasilolizoea warina asali walihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga bila ndege, na saa 3.2 wakiwa naye. Wayao wa hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, humwita kwa mlio wa "brrr-hm". Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba mlio huo huongeza uwezekano wa kupata ndege wa kukuongoza kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wetu hawatumii mlio huo, hupiga mluzi. Mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walionyesha kwamba milembe wa Niassa huitikia zaidi mlio wa Wayao, na wale wa milima ya Kidero, Tanzania, huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe. Ndege wa kila mahali anaijua lugha ya watu wake. Mimi jambo hilo bado linanisisimua kila nikilieleza.

Sasa upande wa pili. Mlembe hutaga kwenye viota vya ndege wa mashimoni: keremkerem wadogo, zuwakulu, vigong'ota na wengine. Keremkerem mdogo huchimba kwenye kingo za udongo, hata kwenye dari ya shimo la muhanga. Kinda wa mlembe huanguliwa kipofu, mtupu, akiwa na kulabu mbili kali kwenye ncha za mdomo, na huwauma na kuwatikisa makinda wa mlezi gizani hadi wafe. Spottiswoode na Jeroen Koorevaar waliliona hilo Zambia kwa kamera za kuona gizani na kulichapisha mwaka 2011. Kifo kilichukua kuanzia dakika 9 hadi zaidi ya saa 7. Baadaye kulabu hutoweka, na mlezi huendelea kumlisha aliyebaki kwa karibu mwezi mzima.

Bila kamera hizo na bila kibali cha utafiti, hutaona hata chembe ya hayo. Utakachokiona ni ndege akikuongoza. Kama unaishi kwenye miombo, una mwenyeji anayejua kurina asali, na unachokitafuta ni safari yenyewe, mchague mlembe kwa moyo mweupe. Usimfuate peke yako. Wazee wa sehemu nyingi husema mlembe aliyenyimwa nta siku nyingine humpeleka mchoyo kwa simba. Mimi ninayemhofia ni nyuki.

Wale ambao ningewaacha kwanza

Wengi huniuliza juu ya kekeo wa sauti tatu zinazoshuka, Cuculus solitarius, anayeita mchana kutwa mvua ikikaribia. Unamsikia kila mahali na humwoni popote. Nina miaka na ndege huyo na nimemwona vizuri mara nne. Si wa kuanzia.

Na yuko jamaa mmoja wa fumbwe, Anomalospiza imberbis, mdogo wa njano mwenye mdomo mnene, anayetagia prinia na ndege wengine wadogo wa nyasi. Jike lake linafanana na jike la kweche, ndege asiye na madhara, ingawa prinia hawadanganyiki kirahisi na huwashambulia wote wawili. Mayai ya prinia yana sahihi kali kuliko hata za minana: samawati, mekundu, meupe, ya rangi ya zeituni, na michirizi juu yake. Karibu yote tunayoyajua juu yao yametoka mashamba ya karibu na Choma, kusini mwa Zambia, kwa watu waliopekua viota mwaka hadi mwaka. Huyo ni wa mwanafunzi wa chuo mwenye msimamizi, kibali na misimu mitatu ya kutumia.

Kwa hiyo nani achukue nani

Ukiwa mjini na kuna mti wa minana ndani ya mwendo wa dakika kumi, chukua kekeo wa minana wala usifikirie mara mbili. Hilo ndilo jibu langu kwa klabu nyingi za sekondari, hasa zenye darubini moja kwa wanafunzi ishirini, kwa sababu mnana unamwona kwa macho makavu na darubini mnaigeuza kwa kekeo tu anapotokea. Darasa la watoto wadogo, au nyumba yenye uwanja na mashine ya kusaga jirani, fumbwe wa mkia mrefu atawatosha. Mtu wa peke yake, mwenye subira na sikio zuri, anayekaa nyumba yenye ua na ndege wekundu, ningemsihi amchukue yule fumbwe mweusi. Bado ni wachache wanaomfuatilia, na kila alichoandika kitakuwa na thamani. Andikeni mnachokiona na mkipeleke kwenye kumbukumbu za ndege kama Kenya Bird Map, Tanzania Bird Atlas au eBird, pamoja na jina la mlezi, kwa kuwa watu wengi huripoti mdoezi na kumsahau mlezi.

Swali moja huja kila mwaka: tukiona yai la kekeo tulitoe, tumwokoe mnana? Hapana. Mnana na kekeo wamekuwa wakipimana nguvu tangu kabla hatujawapa majina, na wote wawili ni ndege wa hapa. Ukiingiza mkono kwenye kiota unaweza kumfanya mama akitelekeze, na utakuwa umewaua wote. Kutazama kwa mbali hakukuletei shida. Kukamata ndege, kuwavisha pete au kuchukua mayai ni kazi yenye vibali, na Tanzania vibali hivyo huanzia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia.

Siku ya kwanza, fika chini ya mti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kaa upande ambao jua liko mgongoni kwako, na usimtafute kekeo. Watazame minana. Madume yakiacha kupiga mabawa na kuelekeza vichwa upande mmoja kwa pamoja, inua darubini ufuate vinakoelekea.